Karani wa Mizani

Miaka ishirini na sita, pale langoni mwa kiwanda, Muhoroni,
baba yangu alipima miwa.
Trela ikipanda juu ya chuma hakutazama mshale kwanza;
alitazama magurudumu yalivyobonyea,
akasema, "Hii tani saba na kitu,"
kisha mshale ukaja polepole kumkubali.

Wakulima walimchukia siku za mvua,
maana alitoa tope kwenye hesabu.
"Tope si miwa," alisema, akiandika.
Wenye kiwanda walimchukia siku nyingine zote.

Mimi nimeajiriwa Kisumu, mtaa wa Milimani,
mkahawa wenye viti vya kijani na baridi ya kununua.
Aproni nyeusi, kibandiko kifuani: APONDI.
Kazi yangu ni kubonyeza.
Chupa za shira zimejipanga ukutani kama maafisa kwenye gwaride:
vanila, karameli, nazi, chokoleti.
Kikombe kidogo ni bonyezo tatu. Kikubwa ni tano.
Hakuna anayeuliza tano za nini.
Huuliza kama kuna waifai.

Jumanne moja akaja Baba,
akitoka kliniki, daftari lake la kijani mfukoni
ambamo Sista Chelang'at ameandika kwa kalamu nyekundu
*Sukari hapana*, akapiga mstari mara mbili.
Alipangusa viatu mlangoni, na nje palikuwa pakavu.
Akaketi kama mtu aliyekalia kitu cha wenyewe.
"Nipe hicho wanachokunywa hawa."

Ningesema. Hapo ndipo ningesema.
Lakini msimamizi alikuwa nyuma yangu, na foleni,
na ule uso wa Baba, ambao haujawahi kuniomba kitu
tangu nizaliwe.
Nikabonyeza. Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Tano.
Nikamimina maziwa, nikapandisha krimu
ndefu kama kofia ya askofu,
nikazungusha karameli juu yake, duara ndani ya duara,
kwa mkono huu huu aliounyoosha yeye kushika penseli.

Mezani palikuwa na vipakiti viwili vya sukari.
Akavitwaa, akavirudisha kwenye kibakuli,
kwa sauti ya kusikiwa na meza ya jirani:
"Mimi sitii. Daktari kakataza."
Akanywa. Akafumba macho.
"Kahawa ya siku hizi," akasema,
"haina haja ya sukari."

Usiku nikabaki kufunga.
Nikaweka kikombe kitupu juu ya mizani ya jikoni, nikairudisha sufuri,
nikabonyeza mara tano, nikaandika.
Nikasoma maandishi ya sisimizi mgongoni mwa chupa.
Nikazungusha karameli, nikaandika.
Krimu nayo ina yake.
Kisha nikachota sukari kavu kwenye kisahani
hadi ikafikia nilichoandika:
vijiko kumi na vitatu.
Kilima kidogo tu. Kiganja kingekifunika.

Shuleni walinifunza mizani ya shairi,
kuhesabu silabi kwa vidole chini ya dawati;
mstari ukizidi, mwalimu anaukata.

Jumamosi nikaenda Muhoroni na kile kilima
ndani ya bahasha. Nikamwekea Baba kiganjani.
Hakufungua. Aliipandisha, akaishusha,
kama zamani, kabla ya mshale.
"Gramu hamsini na kitu. Sukari ya nani?"
"Ya Jumanne."

Trela ilipita barabarani ikadondosha muwa mmoja,
watoto wakaukimbilia.
Baba akatoa daftari, akaomba kalamu,
akatafuta Jumanne, akaandika uzito
kwa zile tarakimu zake za kiwandani, zilizosimama wima.
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Akauliza tu, macho bado kwenye karatasi:

"Na wale wengine kwenye foleni,
nani aliwapimia?"

Zamu yangu kesho ni saa moja asubuhi.